Mkakati Hukaa Penye Saini

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kampuni na wale wanaoziongoza. Nataka tutazame jinsi mameneja wanavyouona mkakati wa kampuni yao, na jinsi wanavyouona muundo wake, yaani mpangilio wa idara, vyeo na madaraka.

Katika ofisi nyingi mambo haya mawili hayakutani. Mpango mkakati huandaliwa na wakubwa, huchapwa kwenye karatasi nzuri ukiwa na dira na dhamira kurasa za mwanzo, na huzinduliwa hotelini mbele ya wageni waalikwa. Muundo, kwa upande wake, ni chati ya visanduku na mistari iliyobandikwa ukutani kwa afisa utumishi. Hukumbukwa pale mtu anapopandishwa cheo, anapohamishwa au anapogombania ofisi na mwenzake.

Mimi naamini kwamba kuvitenganisha hivyo ndiko kunakoua mipango mingi mizuri. Mkakati wa kweli wa kampuni haumo kwenye kitabu kilichozinduliwa. Umo katika majibu ya maswali matatu: nani anaamua, nani anashika fedha, na kila mtu anapimwa kwa kipimo gani. Ukibadili kitabu bila kubadili majibu hayo, hujabadili kitu.

Chukulia kampuni moja ya kusaga na kusambaza unga. Makao makuu yako Dar es Salaam, matawi yako Morogoro, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Bodi imepitisha mkakati mpya: kuwa karibu na mteja na kumhudumia haraka kuliko washindani. Sasa njoo nami tawi la Mbeya, Jumatatu asubuhi. Mwenye duka la jumla anataka tani tano leo. Anaomba alipe nusu sasa na nusu Ijumaa, kama wauzaji wengine wanavyomruhusu. Meneja wa tawi anamfahamu vizuri, anajua hajawahi kukwepa deni. Lakini kiwango cha mkopo anachoruhusiwa kuidhinisha ni kidogo. Anajaza fomu, anaituma kwa meneja wa mauzo wa kanda, naye anaipeleka idara ya fedha, na mkuu wa fedha yuko kwenye kikao. Mafuta ya lori nayo yanahitaji vocha yenye saini ya afisa usafirishaji aliyeko Dar. Afisa huyo anapimwa kwa jambo moja tu, kupunguza gharama za mafuta, kwa hiyo lori likisubiri mpaka lijae, kwake hiyo ni kazi nzuri.

Jumatano jibu linarudi: ombi limekubaliwa. Mwenye duka alishanunua kwingine tangu Jumatatu mchana.

Msikilizaji, hapo hakuna aliyezembea. Kila mtu amefuata utaratibu na kila mtu ametimiza lengo lake. Lakini hebu jiulize, ni mkakati gani uliotekelezwa Mbeya wiki ile? Si ule wa bodi. Uliotekelezwa ni ule uliofichwa ndani ya kiwango cha saini na fomu ya tathmini: okoa mafuta, usimkopeshe mteja, subiri makao makuu. Ndiyo maana nasema mkakati hukaa penye saini.

Na kila meneja huuona muundo kutokea pale alipokaa. Mkurugenzi mkuu, akitazama kutoka juu, huona visanduku vinavyoweza kuhamishwa kwa kalamu. Mkuu wa idara huona mipaka ya himaya yake, watu wake na bajeti yake. Meneja wa tawi huona saini anazozihitaji ili siku ipite salama. Wote watatu wanazungumzia kampuni moja, na kila mmoja anasema kweli. Tatizo ni kwamba aliye juu ndiye anayeandika mkakati, na yeye ndiye anayeumia kidogo zaidi na muundo.

Historia ya biashara ina ushahidi mwingi wa jambo hili. Mwaka 1962 mwanahistoria wa Marekani, Alfred Chandler, alitoa kitabu kuhusu mkakati na muundo wa kampuni kubwa za nchi yake. Alichambua kwa undani kampuni nne: DuPont, General Motors, Standard Oil ya New Jersey na Sears. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba muundo hufuata mkakati. Kampuni ikipanua biashara yake, hulazimika baadaye kujipanga upya ili iweze kuiendesha. Wengi wameshika hoja hiyo na kuiacha sehemu inayouma. Chandler alionyesha pia kwamba kati ya mkakati mpya na muundo mpya mara nyingi hupita miaka, na katika miaka hiyo kampuni huvuja fedha.

Tuanze na DuPont. Kampuni hii ilianzishwa huko Delaware mwaka 1802 ili kutengeneza baruti. Vita Kuu ya Kwanza iliikuza kwa kasi ya ajabu. Wafanyakazi waliokuwa kama 5,300 mwaka 1914 walizidi 85,000 kufikia mwaka 1918. Viongozi wake walikuwa na akili ya kuona mbali. Walijua vita vitakwisha na baruti haitauzika kama zamani, kwa hiyo waliamua kuingia kwa nguvu katika rangi za majengo, dawa za kutilia rangi vitambaa, ngozi bandia na bidhaa nyingine za kemikali. Kama mkakati, ulikuwa mzuri.

Lakini muundo ulibaki ule wa baruti. Idara moja ilizalisha kila kitu, idara moja iliuza kila kitu, idara moja ilinunua kila kitu. Baruti huuzwa kwa tani kwa wenye migodi, na wanunuzi wake ni wachache wanaofahamika kwa majina. Rangi ya nyumba huuzwa kopo kwa kopo, kwa maelfu ya wenye maduka na mafundi, na huhitaji matangazo na ujuzi tofauti kabisa wa soko. Kikatokea kitu cha kushangaza: washindani wadogo walipata faida kwenye rangi, na DuPont, yenye fedha na wataalamu kuwazidi, ikapata hasara. Kadiri ilivyouza zaidi, ndivyo hasara ilivyozidi.

Ungeuliza katika kampuni ile nani anawajibika kwa faida ya rangi, usingempata mtu. Mkuu wa uzalishaji aliwajibika kwa viwanda. Mkuu wa mauzo aliwajibika kwa mauzo. Faida ya rangi haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1920 kikundi cha mameneja waliopewa kazi ya kuchunguza tatizo hilo kilipendekeza kampuni igawanywe kwa bidhaa, kila bidhaa iwe na mkuu wake mwenye uzalishaji na mauzo yake. Rais wa kampuni, Irénée du Pont, akakataa. Aliamini kwa dhati kwamba utaalamu hupatikana pale wazalishaji wanapokaa na wazalishaji wenzao, na wauzaji na wauzaji wenzao. Hakuwa mjinga wala mkaidi tu, maana mpangilio huo ndio uliokuwa umeitajirisha kampuni yake. Ilibidi ije nusu ya kwanza ya mwaka 1921, ambapo kila bidhaa isipokuwa baruti ilipata hasara, ndipo ukuta ukavunjika. Septemba mwaka huo DuPont ikajipanga upya katika idara tano za bidhaa, kila moja na mkuu anayewajibika kwa faida yake.

Hapo kuna funzo la kwanza. Meneja huupenda muundo uliomfikisha alipo. Humwia vigumu kuona kwamba mafanikio ya jana ndiyo yanayomfunga leo.

Sasa twende General Motors, maana huko tunaona upande wa pili. DuPont ilibanwa na makao makuu kushika kila kitu. General Motors ilikaribia kuzama kwa sababu makao makuu hayakushika chochote. Mwasisi wake, William Durant, aliianzisha mwaka 1908 kwa kununua kampuni moja baada ya nyingine: Buick, Oldsmobile, Cadillac, Oakland, na viwanda vya vipuri. Alikuwa na jicho la biashara lisilo na mfano, lakini kila kampuni aliyoinunua iliendelea kujiendesha ilivyotaka.

Alfred Sloan, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo kuanzia mwaka 1923, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi fedha zilivyoshughulikiwa. Kila kitengo kilikuwa na akaunti zake za benki na kilipokea mapato yake chenyewe. Makao makuu, ambayo ndiyo yaliyolipa gawio na kodi, hayakuwa na mapato yake. Yakipungukiwa, yalilazimika kuomba. Buick ndiyo iliyokuwa na fedha nyingi, na watu wa Buick walipenda kuzificha. Basi mweka hazina wa kampuni, Meyer Prentis, alifunga safari hadi Flint, mji wa Buick. Kwanza alikadiria kichwani mwake Buick ina kiasi gani. Akifika, alizungumza nao mambo mengine kabisa. Mwishoni, kana kwamba amekumbuka tu, aligusia suala la fedha. Wenyeji wake walishangaa ukubwa wa kiasi anachotaka, na mara nyingine walipinga.

Fikiria hilo, msikilizaji. Mweka hazina wa moja ya kampuni kubwa za Marekani anaomba fedha za kampuni yake mwenyewe kama mgeni anayebembeleza mkopo. Katika hali hiyo bodi ingeweza kuandika mkakati wowote. Mwenye fedha ndiye aliyekuwa na mkakati, na mwenye fedha alikuwa Flint.

Uwekezaji nao uliamuliwa kwa kubebana. Wakuu wa vitengo waliketi pamoja kwenye kamati ya kuidhinisha miradi, kila mmoja na mradi wake mkononi. Aliyepiga kura kuunga mkono mradi wa mwenzake alitarajia fadhila hiyo irudishwe. Mwaka 1920 uchumi ulipoanza kuyumba, makao makuu yaliweka ukomo wa ununuzi wa malighafi. Vitengo vikaendelea kununua. Kufikia Oktoba mwaka huo malighafi na bidhaa zilizolala ghalani zilifika thamani ya dola milioni 209, zikiwa zimevuka ukomo uliowekwa kwa dola milioni 59. Soko likaanguka, viwanda vingi vikasimama, na Novemba Durant akaondoka.

Sloan alikuwa ameshaandika pendekezo la muundo mpya kabla ya msiba huo, na alimpa Durant alisome. Durant alilipokea kwa heshima, kisha hakufanya lolote. Alikuwa mtu wa kununua na kujenga, na mambo ya nani aripoti kwa nani hayakumvutia. Wapo mameneja wengi wa aina yake mpaka leo, watu wenye ndoto kubwa wanaoona kwamba kupanga madaraka ni kazi ya makarani.

Baada ya Durant, pendekezo lile likapitishwa. Tazama yaliyobadilika, yote ni mambo ya saini. Mwaka 1922 mapato ya vitengo vyote yalianza kuingia kwenye akaunti za kampuni nzima, katika benki zipatazo 100, na utoaji ukasimamiwa na makao makuu. Miradi ikaanza kupimwa kwa vigezo vinavyofanana. Kila kitengo kikapewa ngazi yake ya bei, Chevrolet chini na Cadillac juu, ili magari ya nyumba moja yasinyang’anyane mteja. Ndani ya ngazi hiyo mkuu wa kitengo aliachiwa kuendesha biashara yake. Mwaka 1921 Ford iliuza kama asilimia 60 ya magari yote Marekani, General Motors kama asilimia 12. Kabla muongo haujaisha, General Motors ilikuwa mbele. Ford nayo ilikuwa na makosa yake, hasa kung’ang’ania gari moja, lakini mpinzani aliyejipanga vizuri ndiye aliyeweza kuyatumia makosa hayo.

Hata hivyo muundo mzuri kwenye karatasi hautoshi. Katika miaka hiyohiyo makao makuu yalipenda sana injini mpya iliyobuniwa na Charles Kettering, mkuu wa maabara ya utafiti huko Dayton. Injini hiyo ilipozwa kwa hewa kupitia mapezi ya shaba badala ya maji na rejeta. Rais wa kampuni wakati huo, Pierre du Pont, aliamua ndiyo mustakabali wa Chevrolet. Lakini nani alikuwa mwenye injini? Watafiti waliibuni na hawakuwa na kiwanda. Wahandisi wa vitengo walitakiwa kuitengeneza na hawakushirikishwa kuiamua. Magari ya majaribio yalipofeli, watafiti walisema viwandani hawana nia. Wa viwandani walisema injini haijaiva. Mwaka 1923 yalitengenezwa magari 759 tu, kisha yaliyokwishatoka yakarudishwa na mradi ukazikwa.

Sloan aliijibu aibu ile kwa kubadili mpangilio. Septemba 1923 aliunda kamati ya ufundi, akawaweka meza moja wahandisi wa vitengo na watafiti wa Dayton, ili wazo jipya lipite mikononi mwa watakaolitengeneza kabla halijawa amri. Hilo ni funzo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi: watu wawili wenye uwezo wakigombana kazini, kagua kwanza mpangilio uliowakutanisha.

Msikilizaji unaweza kuniuliza: je, daima muundo hufuata mkakati? La. Mara nyingine muundo ndio unaotangulia, na wakubwa hugundua baadaye mkakati wao umekuwa upi. Intel ya California ilianzishwa mwaka 1968 na ikajipatia jina kwa chipu za kumbukumbu. Wajapani walipoingia soko hilo kwa nguvu, bei ziliporomoka. Viongozi wa Intel waliendelea kujiona ni kampuni ya chipu za kumbukumbu. Lakini ndani ya kampuni kulikuwa na kanuni ya kawaida kabisa ya viwandani: nafasi ya uzalishaji ipewe bidhaa inayoleta faida kubwa zaidi kwa kila bamba la silikoni. Kwa kufuata kanuni hiyo, mameneja wa kati walikuwa wakihamisha uzalishaji kidogo kidogo kwenda kwenye prosesa za kompyuta. Mwaka 1985 viongozi hao, Andy Grove na Gordon Moore, walipokubali hatimaye kuachana na kumbukumbu, kampuni yao ilikuwa imeshahama kwa miguu ya watu wa chini. Kanuni ya mgao ilikuwa imeamua kabla ya bodi. Kwa Intel kanuni hiyo ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya, ingewapeleka shimoni kwa utulivu uleule.

Hapa kwetu Tanzania tuna mfano ambao wengi wenu mliushuhudia. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ilizaliwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki. Kwa miaka mingi benki moja ilibebeshwa kazi za kila aina: kuhudumia wafanyabiashara wakubwa, kuyakopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na kupokea akiba ya mkulima wa wilayani. Mikopo mingi haikurudi. Mwaka 1997 serikali iliigawa. Mali na madeni yaliyobaki yaliwekwa kwenye shirika hodhi, biashara kubwa ikaenda NBC mpya, na mtandao mpana wa matawi ya wilayani ukawa benki nyingine, NMB. NBC ilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 2000. NMB ilipata wabia wakiongozwa na Rabobank ya Uholanzi mwaka 2005, ikaandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008.

Nisieleweke kwamba kugawa pekee kulileta kila kitu, maana mtaji, sheria mpya na ushindani vilichangia sana. Ninachosema ni kwamba mteja wa wilayani alipata benki ambayo mkuu wake angeulizwa juu yake yeye. Katika benki ya zamani, akiba ndogo ya mwalimu wa Songea ilikuwa mzigo pembeni ya mikopo mikubwa. Katika benki mpya, mwalimu huyo ndiye biashara yenyewe.

Lakini msikilizaji, lipo kosa la upande mwingine, nalo tunalifahamu sana. Anakuja mkurugenzi mpya, na kabla ya mwaka kuisha ametoa muundo mpya. Idara mbili zinaunganishwa, moja inagawanywa, vyeo vinabadilishwa majina, watu wanakaimu nafasi kwa miezi na miezi. Ukimuuliza kampuni sasa itafanya nini ambacho haikuweza kufanya mwanzo, hana jibu. Huko ni kuwasumbua watu bure. Kila mabadiliko ya muundo huvunja uhusiano wa kazi uliochukua miaka kujengwa. Fulani alijua ampigie nani simu mzigo ukikwama bandarini, na kesho hajui. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya hesabu, lakini wafanyakazi huilipa kila siku.

Basi tufanyeje? Ninapendekeza jambo moja linalowezekana katika kampuni ndogo na kubwa. Bodi au wamiliki wanapoletewa mkakati mpya, wasiupitishe mpaka uwe na ukurasa wa saini. Ukurasa huo uonyeshe maamuzi kama kumi yanayoubeba mkakati huo, na mbele ya kila uamuzi litajwe ni cheo gani kitaamua, kwa kiwango gani cha fedha, na kitapimwa kwa lipi. Kama mkakati ni kumhudumia mteja haraka, tuonyesheni kiwango cha mkopo cha meneja wa tawi kimepanda kutoka wapi hadi wapi. Tuonyesheni afisa usafirishaji sasa anapimwa pia kwa mizigo iliyofika kwa wakati. Kama hakuna saini iliyohama wala kipimo kilichobadilika, bodi ijue imeletewa hotuba.

Na ukurasa huo uandikwe pamoja na wanaokaa chini. Meneja wa tawi, msimamizi wa zamu, karani wa ghala, hao ndio wanaojua saini inakwama wapi. Ukiwauliza kwa nia njema, watakutajia ndani ya nusu saa mambo ambayo mshauri wa gharama kubwa angeyatafuta miezi mitatu.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mipango ikifeli lawama huteremka. Tunasikia kwamba wafanyakazi wetu ni wagumu kubadilika, hawana ari, hawauelewi mkakati. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, mtu yule ameuelewa mkakati vizuri kabisa, ila fomu iliyo mbele yake inamwamuru afanye kinyume, na mshahara wake unategemea fomu. Wewe unayeongoza una wajibu wa kukagua fomu kabla ya kumhukumu mtu. Ni wajibu wa haki kwa wale unaowaongoza, na ndiyo njia pekee ambayo mkakati wako utafika Mbeya kabla mteja hajaondoka.